Ada ya Neno Moja

Unaniuliza, Luarsabi, kama kazi hii inalipa.
Kwanza panda. Lifti ya jengo letu hapa Gldani
haisogei mpaka uitilie sarafu,
na kuna miezi nimezipanda orofa tisa kwa miguu,
mkobani kurasa arobaini za Kijerumani
zinazoeleza namna ya kuosha mashine ya kukamulia ng'ombe.
Hilo ndilo jibu la kwanza.

Nilianza na vibandiko vya chupa za divai.
«Harufu ya plamu, na moshi kwa mbali»:
niliyaandika hayo mimi, mdomoni nina chai iliyolala.
Mama akapita nyuma ya kiti changu, akasema,
miaka mitano chuoni ili urudie maneno ya watu?
Kasuku naye hurudia, lakini yeye hulishwa.

Kisha zikaja karatasi za dawa.
Hapo ndipo nilipojifunza woga.
Kimoja mara tatu ni uzima.
Vitatu mara moja ni jeneza.
Nikawa naamka saa tisa za usiku
kwenda kuhakikisha koma imekaa pale nilipoiacha.

Usidhani nakutisha. Keti. Sogeza hizo kamusi.
Nataka nikuonyeshe barua.

Ni kumi na moja, za Bi Nazibrola wa Chiatura.
Zilikutwa ndani ya koti la mwanawe, Malkhazi,
aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi huko Leipzig.
Kampuni ya bima ilitaka ushahidi
kwamba marehemu alikuwa akimlisha mama yake.
Basi nikafasiri: fedha imefika, friji imetengenezwa,
jino nimeling'oa, usitume tena mwezi huu, jinunulie viatu.
Na mwisho wa kila barua, neno lile lile:
genatsvale.

Wewe na mimi hulitumia hata sokoni,
tukimbembeleza muuza nyanya apunguze bei.
Kamusi inasema: mpenzi. Neno kwa neno, kazi imekwisha,
zima taa, ukalale.
Lakini lipasue, Luarsabi, ulitazame kokwa yake:
niwe mimi mahali pako.
Likupatalo linipate mimi.
Mama alimwandikia hivyo mara kumi na moja
mtu aliyekuwa anapanda ngazi za chuma kila alfajiri.

Niliandika «mpenzi». Nikafuta.
Nikaandika, nikafuta, hadi dirisha likaanza kuwa jeupe.
Mwisho nikaliweka kwa maneno sita ya Kijerumani,
yamesimama vibaya kidogo,
kama watu waliovaa nguo za kuazima msibani.

Wakala akajibu kwa mistari miwili.
Eti nimejaza maneno ili nijaze hesabu.
Neno moja limezaa sita, mara kumi na moja:
amekata malipo ya maneno hamsini na matano.
Afadhali niweke «mpenzi», wateja wanapenda ufupi.

Nikamwandikia: kata.
Sita yabaki.
Mwezi ule nilipanda ngazi.

Bi Nazibrola alipiga simu wakati wa theluji.
Hakuuliza habari za fidia.
Aliuliza, je, Wajerumani wameelewa?
Nami sikujua kama kuna mtu aliyesoma
zaidi ya ile mistari yenye tarakimu.
Nikamwambia, wameelewa, mama.
Hiyo haikuwa tafsiri. Katika miaka kumi na minane
ndiyo sentensi yangu mwenyewe, ya pekee,
na hata leo sijui kama ilikuwa kweli.

Sasa, chai yako imepoa na hujanijibu.
Bado unaitaka kazi hii?
Usiseme leo. Nenda.
Kushuka ni bure.
Ila kesho ukirudi, njoo na penseli,
na sarafu mbili:
moja yako,
moja ya atakayekukuta pale chini mlangoni, hana.